Ukiiambia kompyuta ‘panda mti’, itakwea au itachimba shimo?

MICHEZO ya kompyuta isiyo na picha hata moja huwashangaza vijana wa leo. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na kishale kinachowakawaka kikingoja uandike amri. Hakuna gari la kuendesha wala bunduki ya kufyatua. Kuna maneno tu, na ndiyo maana michezo hii inatuhusu sisi watu wa lugha pengine kuliko inavyowahusu wahandisi.

Iliyovuma zaidi mwanzoni ni Adventure. William Crowther, mwandishi wa programu kule Massachusetts aliyependa kutambaa mapangoni, aliutunga katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya binti zake, akafuata ramani ya pango halisi la Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua. Mchezaji huelezwa alipo, huandika kitenzi na nomino, kisha huelezwa kilichotokea. Aliyezoea fasihi simulizi ataitambua sura hii papo hapo: ni kitendawili. Mtegaji anaficha, mteguaji anabahatisha, na ukishindwa unatoa mji. Ila mtegaji wa Crowther ni mashine, tena yenye sikio fupi. Ilisoma herufi tano za mwanzo za kila neno, zilizobaki ikazitupa.

Kwa Kiingereza hilo halikuleta madhara makubwa. Kwetu ni balaa. ‘Tembea’ na ‘tembelea’ yanakuwa neno moja, ‘kimbia’ na ‘kimbilia’ vivyo hivyo. Hebu tuuhamishie mchezo Kipkelion, kwenye stesheni ile ya reli ya Kisumu ambayo wakoloni waliiita Lumbwa. Uko kando ya reli, gari moshi linakuja, nawe unaandika ‘simamisha treni’. Mashine inasoma ‘simam’, inaelewa ‘simama’, na unabaki umesimama ukiitazama treni ikipita zake. Mnyambuliko wa kitenzi chetu uko mkiani, na mkia ndio uliokatwa.

Wachezaji wa Kiingereza pia hufupisha pande za dunia kwa herufi moja moja. Sisi hatuwezi. Kaskazini na kusini zote zina K, mashariki na magharibi zote zina M. Hata herufi mbili hazitoshi, maana ‘ma’ inabaki kugombaniwa. Itabidi tatu: kas, kus, mas, mag. Si hasara kubwa, lakini inaonyesha kwamba anayeunda mchezo wa Kiswahili hatafsiri orodha ya maneno tu; anaanza upya.

Sasa njoo kwenye ‘panda mti’. Katika nchi hii ya chai, kahawa na mahindi, amri hiyo ina maana mbili za kweli, na hakuna kamusi itakayomwokoa mwandishi wa programu. ‘Panda treni’ haina utata, kwa kuwa treni haioteshwi shambani. ‘Panda mahindi’ nayo haina, kwa kuwa hakuna anayeyakwea. Mti unakubali yote mawili. Programu zembe itachagua moja kimyakimya. Iliyoandikwa na mtu anayeijua lugha itauliza: “Uukwee, au uupande ardhini?” Mimi nitaupima mchezo mzima kwa swali kama hilo kabla sijatazama hazina zimefichwa wapi.

Lakini Kiswahili hakina matatizo tu. Chukua chumba chenye taa, jiwe na kisu. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote vitatu, kwa hiyo mashine hulazimika kukisia unamaanisha kipi. Kwetu ‘ichukue’ ni taa, ‘lichukue’ ni jiwe, ‘kichukue’ ni kisu. Ngeli, ambazo wanafunzi huzilalamikia kila mwaka, zinaifanyia mashine nusu ya kazi. (Ufunguo ndio mkorofi: ‘uchukue’ yaweza kuwa amri kuhusu ufunguo, au ushauri kwako wewe uchukue kitu kingine.) Mahali navyo tunavipa uhai: hapa pana taa, kule kuna mto, humu mna giza. Mwandishi anayelijua hilo anakuingiza pangoni kwa silabi moja, na huo ni utajiri mkubwa mahali ambapo hapana picha.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni la wakati. Michezo hii humwambia mchezaji mahali alipo na hali aliyo nayo. Mtafsiri wa haraka ataandika ‘unasimama mbele ya nyumba’, kana kwamba mtu ndiyo kwanza anainuka kitini. Kiswahili kinasema ‘umesimama’. Kiambishi -me- ndicho kinachobeba hali, na akikikosa, kila ukurasa utanuka tafsiri.

Nayasema haya kwa sababu mlango uko wazi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kufunza usimbaji katika shule za msingi na za upili, kwa lugha ya Python. Maneno ya msingi ya Python ni ya Kiingereza, sawa. Lakini kilichomo ndani ya alama za mtajo ni cha mwanafunzi mwenyewe: mashine itatamka nini na itasikia nini. Mchezo mdogo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 100, ambao kwa kugawa nusu kwa nusu hutatuliwa kwa majaribio saba yasiyozidi, hauhitaji intaneti wala tarakilishi mpya (neno ambalo wanafunzi huliandika kwenye mtihani na kuliacha darasani). Basi kwa nini uandikwe ‘too high’ pale ambapo ‘umepita’ inatosha?

Swali gumu ni Kiswahili kipi. Mtoto wa Kipkelion ataandika ‘enda’ pale vitabu vinapotaka ‘nenda’, na ‘kuja’ pale vinapotaka ‘njoo’. Kipsigis, lugha ya mama ya wengi huko, haitenganishi sauti za k na g au p na b kama Kiswahili, kwa hiyo ‘funkua’ haiko mbali. Mashine inayojibu ‘sielewi’ mara nne mfululizo itafungwa, na mtoto atarudi kwenye mpira. Ningependa isikie ‘enda’, ‘nenda’, hata ‘funkua’, kisha ijibu yenyewe kwa Kiswahili sanifu, bila kumsahihisha mtu: “Umeufungua mlango. Humu mna giza.”