Pongezi kwa Makondakta wa Gare du Nord

Nilikulia Bukavu, kwenye vilima vinavyoshuka hadi Ziwa Kivu, ambako mtu humwita jirani wa ng'ambo ya bonde kwa kuivuta sauti. Watoto tulifundishwa mapema: sema polepole, malizia neno, bonde litalifikisha. Ndiyo maana, nikipandia treni Gare du Nord hapa Brussels, nawasikiliza makondakta kwa heshima. Sheria ya lugha ya Ubelgiji inawabana: ndani ya Brussels hutangaza kwa Kifaransa na Kiholanzi, treni ya Liège ikifika Leuven, Kiholanzi peke yake, ikikaribia Liège, Kifaransa peke yake. (Mimi ningeshachomeka Kiswahili.) Kisha kuna filimbi ya kuondoka, nayo ni yao.

Tangazo lililorekodiwa halina kikohozi kama sauti ya kondakta. Lakini treni ikisimama gizani kwenye handaki la kuelekea kituo cha Gare du Midi, lenye njia sita, lililofunguliwa 1952, ni kondakta anayetueleza kilichotokea, kwa lugha zote mbili, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Hongereni sana, baba na mama zetu wa filimbi.