Kisutu, kaniki na marekani: bloki 12 za mwaka zimepata wenyewe!

Jamani, wapenzi wa mifarishi ya viraka, sogezeni viti! Nimeshona bloki ya kwanza ya mwaka, nimeipiga pasi, nimeibandika ukutani, na kila nikipita sebuleni nasimama kuitazama upya. Ni kisutu! Ile ile kanga ya maharusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nilikikata kwa mkono unaotetemeka kidogo (mama mkubwa angeniona angenipokonya mkasi), lakini vile vipande vilipokaa pamoja, acha tu.

Kwa aliyeingia leo, mchezo wenyewe ndio huu. Kila mwezi unapata mchoro mmoja, unashona bloki moja ya inchi 12, na Desemba ikifika unaziunganisha zote kuwa mfarishi. Wamarekani ndio mabingwa wake: gazeti la Kansas City Star lilianza kuchapa michoro ya bloki mwaka 1928 na likaendelea hadi 1961, wasomaji wakikata na kuhifadhi. Kushona bloki moja kwa mwezi si kazi ya kumtisha mtu. Kinachotoa jasho ni vitambaa, maana unavichagua Januari wakati hujui Septemba italeta mchoro gani. Umependa kitenge chenye ua kubwa kama sahani, umelikalisha vizuri katikati ya nyota, kisha mwezi wa tano unaletewa mchoro wa vijipande vya inchi moja na nusu. Hapo ua lako linakuwa madoa tu.

Ndiyo maana nimeuchangamkia utatu huu wa kisutu, kaniki na marekani. Marekani ndiyo mwanga: pamba isiyopaushwa, rangi ya maziwa, ile iliyoletwa Unguja karne ya 19 na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Washonaji wa mifarishi huko Marekani nao wametumia pamba ya namna hiyo kuwa uwanja wa bloki zao kwa vizazi. Kaniki ndiyo giza, na ni giza hasa, lenye unili unaoonekana ukiipeleka dirishani. Kisutu kinakaa kati yao na kuchangamsha barza. Michoro yake ni midogo midogo na inajirudia, kwa hiyo ukate kipande cha inchi 6 au cha inchi 2, bado ni kisutu. Kwa bloki za mwezi, sifa hiyo moja inatosha kuniuzia doti nzima!

Bloki yenyewe ni Sawtooth Star. Katikati kuna mraba wa inchi 6, pembeni pembetatu nane zinazofanya ncha za nyota, na kwenye kona miraba minne ya inchi 3. Kabla sijashona nilipanga vipande mezani, nikavipiga picha kwa simu, nikaondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Fanyeni hivyo, nawasihi! Macho yetu yanalewa na rangi. Yanaona wekundu wa kisutu na weusi wa kaniki, yanasema hizi ni mbali kama mbingu na ardhi. Picha ya kijivu inasema vingine: sehemu nyekundu za kisutu zinaelemea upande wa giza, na ukikifanya kisutu kuwa uwanja wa ncha za kaniki, ncha za nyota zinamezwa. Uwanja ukiwa wa marekani, nyota inaruka kutoka ukutani. Kwa hiyo mpangilio wangu ni kiini cha kisutu, ncha za kaniki, uwanja wa marekani. Rangi zinabaki tatu tu, na hakuna anayeipita bila kuuliza.

Kwa wasiopenda wekundu, nimejaribu pia pamba ya shweshwe ya Three Cats, inayochapwa na kiwanda cha Da Gama huko Zwelitsha, Afrika Kusini. Uzuri wake hauelezeki! Ile ya nili ina vidoti na vistari vyeupe vyembamba ajabu, kwa sababu kitambaa hutiwa rangi kwanza, kisha roli za shaba zenye asidi hafifu huondoa rangi pale mchoro unapotakiwa. Inakuja ngumu kama kadibodi kwa wanga, na ukiifua inalainika. Lakini upana wake ni sentimita 90 hivi, na inaruka ikifuliwa, kwa hiyo nunua ya ziada. Ningeipa nafasi ya kaniki bila kusita. Kitenge, pamoja na mapenzi yangu yote kwake, nakiweka mgongoni mwa mfarishi, huko ua lake kubwa litapumua.

Sasa tuje kwenye jambo litakalowaliza: kuchuja. Kaniki inachuja. Kisutu chekundu nacho kinaweza kuchuja. Marekani iko hapo katikati, inangoja kugeuka waridi. Kata kipande kidogo cha kila kitambaa, kiloweke kwenye glasi ya maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe, uende zako kidogo. Maji yakibaki meupe, endelea. Yakigeuka rangi, fua kitambaa chote peke yake, na urudie mpaka maji yatulie. Habari ya siki na chumvi mtaisikia kila kona, lakini siki haifungi rangi ya pamba iliyokwisha toka kiwandani. Kufua ndiko kunakotoa rangi iliyozidi, na pia kunamaliza kuruka kabla hujakata. Ukishakausha, rudisha wanga! Kanga ni nyepesi, inateleza chini ya rula na kuvutika mshazari. Ichovye kwenye wanga mwepesi, ianike, ipige pasi, na pembe zitatoka kali. Mshono wa robo inchi hausamehe kitambaa kinachocheza.

Na hesabu, jamani, hesabu! Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na ziada, na doti ni mbili. Bloki 12 za inchi 12 zikipangwa tatu kwa nne zinatoa mfarishi wa takriban sentimita 91 kwa 122. Mapindo manne marefu ya doti yana sentimita 150 hivi kila moja. Mmeiona? Kila upande wa mfarishi unapata pindo lake zima, bila kiungo! Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, unaingia kwenye bloki, pindo linazunguka, na kama doti yako ina jina, yale maneno yake, likate zima ulishone mgongoni. Mimi jina silikati vipande, hata mnipe nini.

Nunueni marekani yote ya mwaka siku moja, kutoka jora moja. Jora la mwezi wa sita halitalingana na la Januari, na uwanja ndio unaounganisha bloki zote. Kaniki hivyo hivyo. Kisutu kinavumilia zaidi, maana michoro inaficha tofauti ndogo. Mtaa wa Uhuru Kariakoo au Biashara Street Mombasa, mwambieni muuzaji afungue kanga yote, na muitazame nje kwenye jua, si chini ya taa ya dukani.

Mtu ameniuliza kama rangi tatu kwa mwaka mzima hazitachosha. Atazame mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, Alabama, iliyoonyeshwa Houston mwaka 2002 na kutiwa kwenye stempu za posta za Marekani mwaka 2006. Mingi ilitoka kwenye nguo kuukuu za kazi, rangi chache zilizokuwepo nyumbani, na inatikisa ukuta.

Mwezi ujao ni Log Cabin, na hapo ndipo sitalala! Kwa desturi kiini chake ni chekundu, vipande virefu vinakizunguka, nusu ya mwanga na nusu ya giza. Nimeshatenga wekundu safi wa kisutu kwa kiini, marekani upande mmoja, kaniki upande wa pili. Wanga uko jikoni, pasi inapata moto.