Kijiji cha Makumbusho: Nyumba Bila Fundi Haikai

Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara iendayo Bagamoyo jijini Dar es Salaam, kilianzishwa 1966 kwa wazo jepesi kulisema, gumu kulitenda: nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zikae uwanja mmoja, kila moja kwa vifaa na ufundi wa wenyewe. Mgeni anainama mlangoni na kuingia ndani.

Ugumu uko juu ya paa. Tembe la Wagogo huezekwa kwa magogo, fito na udongo, na paa lake ni karibu bapa. Dodoma, penye mvua ya kama milimita 570 kwa mwaka, hiyo ni akili kubwa: udongo mnene hukinga jua la mchana na baridi ya usiku. Dar es Salaam mvua hupita milimita 1,000. Masika ikishika, udongo hulowa, huelemea magogo, kisha humomonyoka. Msonge wa Wahaya ni kinyume chake: nyasi huteremka toka kileleni hadi karibu na ardhi, maji yasipate pa kutuama, maana Bukoba hunyesha karibu mwaka mzima. Huku pwani shida yake ni mchwa, na fundi wa kuziezeka nyasi hizo hapatikani kila mtaa.

Kwa hiyo nyumba hizi hazimalizwi kujengwa, na kazi hiyo ya kurudiarudia ndiyo mgeni angepaswa kuiona. Ukuta wa kukandika, kwa mfano, una hatua zake: nguzo huchimbiwa, fito hufungwa kwa kamba ndani na nje, mawe hushindiliwa katikati, udongo hukandikwa kwa mkono pande zote mbili, ukikauka na kupasuka, hurudiwa. Mgeni anayekuta ukuta umekwisha kulainishwa hayaoni hayo yote.

Kwa upande wa watu, tangu miaka ya 1990 kijiji kimekuwa na siku za utamaduni, ambapo jamii moja huja na vyakula, ngoma na mila zake. Siku hizo hufana, lakini zikipita, nyumba hubaki kimya. Kituo cha tamaduni za Polynesia kule Laie, Hawaii, kilichofunguliwa 1963, kilikata shauri jingine: wanafunzi wa chuo jirani, wengi wao wenyeji wa visiwa vya Pasifiki, hufanya kazi kwenye vijiji vya Samoa, Tonga na Fiji huku wakilipia masomo. Mwenyeji yupo kila siku ya kazi, na ana sababu ya kuwapo.

Hapa kwetu Ngamiani, mjini Tanga, kwenye barabara zetu za namba, bado zipo nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Tanga ikitaka kuzionyesha, ianze na posho ya fundi na mwanafunzi wake kabla ya kuchora ramani ya uwanja. Wenye wazee wanaojua kukandika, wapelekeeni vijana sasa, wazee wangali na nguvu.