Bukeko na Kiswahili cha soja

CHARLES Bukeko alipoaga dunia Julai 18, 2020, wengi walimlilia kama mchekeshaji. Alikuwa pia mtayarishaji wa ‘Papa Shirandula’, kipindi kilichopeperushwa na Citizen TV kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kazi hiyo inastahili kuhakikiwa.

Kuna wasomi wanaoshikilia kwamba vipindi vya aina hii huharibu Kiswahili. Sikubaliani nao. Papa ni soja anayemficha mkewe, Wilbroda, kazi anayoifanya. Soja huyo angezungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, nani angemwamini? Maneno yake yanadanganya, lafudhi yake inasema kweli. Huo ni ujenzi wa mhusika, si uharibifu wa lugha.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Awinja na Kawira walibeba lafudhi za kwao. Tukio lilipojengwa vyema, tulicheka vituko vyao. Lilipolegea, kicheko kiliangukia kabila. Mwandishi wa vichekesho hupimwa hapo.

Hapa Madogo, Kiswahili hukutana kila siku na Kiorma, Kisomali na Kipokomo, sokoni na katika matatu za kwenda Garissa. Lafudhi hizi ni nadra kusikika runingani, na zikisikika, ni za mhusika wa kupita tu. Bukeko alionyesha kwamba soja anaweza kuwa mhusika mkuu kwa Kiswahili chake mwenyewe. Anayeandika leo na aanzie hapo: ampe mfugaji au mvuvi wa Tana hoja, siyo lafudhi pekee.