Pongezi kwa Akina Mama wa Sufuria

Hongereni, akina mama mnaowapikia watoto wa chekechea Turkana! Jua la Lodwar halijawa kali, nanyi mmeshakoka kuni. Sufuria inatokota, watoto wamepanga foleni, kila mmoja na bakuli lake mkononi. Chakula hicho ni harambee ya walio mbali na walio karibu. Shirika la Mary's Meals, lililoanza kulisha wanafunzi Malawi mwaka 2002, hukusanya michango ya shule na wazazi wa ng'ambo. Jimbo Katoliki la Lodwar hushirikiana nalo hapa. Kakuma nako, kambi inayopokea wakimbizi tangu 1992, uji wa shule humwita darasani mtoto wa mgeni na wa mwenyeji. Haba na haba hujaza kibaba. Msomaji, changia chako.