Picha ya Stanley na Livingstone Ilivyotazamwa Ipuli

Katika likizo iliyopita rafiki yangu mmoja aliniletea kutoka Dar es Salaam picha ya sinema ya kale iitwayo Stanley and Livingstone. Ni picha isiyo na rangi, iliyotengenezwa Marekani na kampuni ya Twentieth Century-Fox na kutolewa mwaka 1939. Habari yake si ngeni kwetu. Mtu akiondoka hapa Ipuli alfajiri, akapita mjini Tabora na kushika njia ya kusini-magharibi, hufika Kwihara asubuhi ile ile, na huko ataliona tembe walimokaa mabwana hao wawili mwaka 1872, ambalo lilijengwa upya mwaka 1957. Basi nikasema moyoni, Somo la historia limekuja lenyewe mlangoni. Nikatundika shuka jeupe ukutani mwa darasa, nikaazima projekta, nikawaita wanafunzi wangu, na wazazi waliopenda wakaja na viti vyao.

Mambo yalikwenda vema mpaka msafara wa Stanley uliposhambuliwa. Wenye mikuki wakatokea wengi mno, bunduki zikalia, watu wakaanguka, na darasa zima likapiga makofi. Wana wa Unyamwezi walishangilia! Mvulana mmoja alipanda juu ya benchi akipaza sauti, "Wamalize!" Nami nakiri, wasomaji wapenzi, ya kuwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa imekwisha inuka ili kupiga makofi, ndipo nikaishusha.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyeketi nyuma karibu na mlango, hakusema kitu mpaka mwisho. Watu walipokuwa wakitoka aliniuliza, "Mwalimu, wale waliouawa walikuwa watu wa mji gani?"

Nikamjibu, "Hawana mji, babu. Wametungwa tu."

Akasema, "Kumbe hata aliyewatunga hakuwapatia mji." Akachukua fimbo yake akaenda zake.

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Tangu siku ile nimeitazama picha mara tatu peke yangu, nami napenda kuieleza kama nilivyoiona, uzuri wake na ubaya wake, maana yapo mabishano hapa kwetu kama yafaa kuonyeshwa tena au haifai.

Uzuri upo, wala si mdogo. Spencer Tracy, aliyeigiza kuwa Stanley, hapigi kelele wala harushi mikono. Uchovu na mashaka vyaonekana usoni pake kama kwa mtu aliyetembea kweli. Cedric Hardwicke ndiye Livingstone, naye ni mpole pasipo kuwa mnyonge. Mahali pale anapowaongoza watu kuimba "Onward, Christian Soldiers", akipunga mikono kama mwalimu wa kwaya asiyejali kuchekwa, hata mimi nilicheka kwa furaha. Habari ya mapenzi ya Stanley na binti aitwaye Eve imeshonewa humo kama kiraka. Ingalikatwa, hakuna ambaye angaliiulizia.

Uzuri mwingine ni nchi yenyewe. Tracy hakuja Afrika kwa ajili ya kazi hii. Kampuni ilituma watu wakiongozwa na Otto Brower, pamoja na Osa Johnson, mjane aliyeizoea Kenya kwa miaka mingi, nao wakapiga picha za safari katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukimwona Stanley kwa mbali akipita nyikani na msafara wake, yule si Tracy, bali ni mtu mwingine aliyevikwa kama yeye. Ukimwona kwa karibu akisema, yuko Marekani, mbele ya picha ya nyika. Ukikwisha kujua hayo, unaanza kuona mshono: upande mmoja waigizaji waliojulikana kwa majina, upande mwingine nchi halisi na watu halisi, ambao hatuambiwi walikuwa nani. Wale wabeba mizigo hawaigizi. Wanatembea kama watembeavyo watu wenye mizigo. Kwangu mimi hao ndio sehemu bora ya picha yote, nao waliwekwa humo wawe kama miti ya njiani.

Hapo ndipo penye kosa, nami nataka kulieleza kwa makini, maana wengi hulitafuta mahali pasipo. Wanafunzi wangu hawakushangilia kwa sababu wanawachukia babu zao. Walishangilia kwa sababu ya mahali palipowekwa kamera. Tumekaa na Stanley tangu mwanzo. Twaijua homa yake, twalijua neno alilotumwa, twaogopa asishindwe. Wale wenye mikuki hatukupata kuwaona wakila, wala wakizika mtu wao, wala wakishauriana baraza. Wanatoka tu. Mtu ye yote, awe wa Ipuli au wa Chicago, akiketishwa nyuma ya bega la mtu mmoja kwa saa nzima, atamwombea huyo, na anayemjia na mkuki atakuwa adui yake. Hiyo ndiyo nguvu ya sinema, nayo hufanya kazi ndani ya mtu kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Watu hutoa udhuru wakisema, Hayo ndiyo mawazo ya zamani, watu wa siku zile hawakujua zaidi. Mimi nami nalikuwa karibu kuukubali udhuru huo, mpaka nilipokirudia kitabu cha Stanley mwenyewe, alichokitoa mwaka 1872. Nikastaajabu. Kitabu ni kikubwa kwa picha kwa miaka 67, nacho chawajua watu wetu zaidi!

Tazama habari ya Mirambo. Stanley alifika Unyanyembe mwezi wa Juni 1871, akawakuta Waarabu wa Tabora katika vita na Mirambo, aliyeifunga njia ya Ujiji. Vita ile ilikuwa na sababu ambazo mtu aweza kuzieleza: njia, hongo, pembe, na nani awe mkubwa wa nchi. Stanley hakuwa mpita njia aliyerukiwa majanini. Alijiunga na Waarabu kwa hiari yake, akapeleka watu wake na bendera ya Marekani kumshambulia Mirambo. Walipokwisha kuutwaa mji wa Ulyankulu na kuuteka nyara, Mirambo akawavizia njiani wakirudi na mizigo yao, akawapiga. Mwezi wa Agosti akaingia Tabora yenyewe, akachoma nyumba, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Stanley alikuwa Kwihara akitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe. Mwezi wa Septemba akaondoka kwa njia ya kusini, akimkwepa Mirambo, hata akafika Ujiji mwezi wa Novemba.

Hayo yote Stanley aliyaandika, naye hakuwa mtu mpole. Ndiye aliyesema mwenyewe kwamba aliwachapa wapagazi kwa mjeledi. Walakini adui yake alimpa jina, na mji, na akili ya vita, hata akamfananisha na Bonaparte. Na mwaka 1876, aliporudi katika nchi hii, walikutana wakachanjiana udugu wa damu. Sasa niambieni, mtengenezaji wa sinema alikosa nini cha kutengenezea? Vita, kushindwa, kukimbia, na baada ya miaka mitano adui wawili wakawa ndugu! Hakuna mtungaji ambaye angalibuni vizuri zaidi. Hayo yakaachwa, tukapewa wenye mikuki wasio na mji na binti aitwaye Eve.

Wala si Mirambo peke yake. Bombay, kiongozi wa askari wa Stanley, alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani hata Bara Hindi, akarudi, akasafiri na Burton na Speke, tena na Speke na Grant, kabla Stanley hajamwajiri; baadaye akavuka Afrika pamoja na Cameron. Mwaka 1871 yeye alikwisha kuijua barabara ya Tabora, na Stanley alikuwa mgeni. Na kule Ujiji, kama aelezavyo Stanley, aliyemlaki kwanza kwa Kiingereza hakuwa Livingstone, bali Susi, mtumishi wake. Yale maneno mashuhuri yaliyosemwa na Stanley yalikuja baada ya salamu ya Mwafrika.

Basi nasema hivi: dharau iliyomo katika picha hii haikuwa ujinga wa wakati wake. Ilikuwa uchaguzi. Mtu alikaa mezani huko Hollywood, mbele yake mna majina, akachagua kutoyatumia, maana alidhani watazamaji wake hawatayataka. Na mwisho wa picha wafanya vivyo hivyo. Waonyesha Stanley akirudi Afrika kuiendeleza kazi ya Livingstone, na ule wimbo wa askari wa Kikristo ukimsindikiza. Ukweli ni kwamba tangu 1879 hata 1884 Stanley alikuwa Kongo akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na yaliyowapata watu wa Kongo chini ya mfalme huyo yalikuwa yameandikwa na kuchapwa miaka 35 kabla ya picha hii, katika taarifa ya Roger Casement ya 1904. Wimbo ule tumeuimba kanisani kwa nia njema. Iliniuma kuusikia ukifanywa shuka la kufunika jambo kama hilo.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, alinishauri niifute picha, nisiwaonyeshe watoto kamwe. Alinitajia habari ya mwaka 2020, wakati picha iitwayo Gone with the Wind, ya mwaka huo huo wa 1939, ilipoondolewa kwa muda na wenye kuionyesha huko Marekani. Nikamkumbusha kwamba ilirudishwa baada ya siku chache, ikiwa imetanguliwa na maelezo ya mtu mwenye elimu. Lakini jibu langu kubwa si hilo.

Wakati wa Waingereza zilikuwako katika nchi zetu kamati za kukagua sinema, nazo ziliruhusu picha fulani zionyeshwe kwa Wazungu, na Waafrika wakakatazwa kuzitazama. Ilisemwa kwamba sisi hatuwezi kupambanua. Hata waliotutakia mema walikuwa na fikira hiyo kwa namna yao. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, kazi iliyoanzishwa na Baraza la Kimataifa la Misioni ilitengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, habari za safura na kodi na kuweka fedha Posta. Nia yao ilikuwa njema, na waigizaji walikuwa watu wetu. Lakini wakubwa wa sinema za serikali baadaye waliishika kanuni kwamba picha ya Mwafrika iende polepole, isiwe na werevu mwingi, asije akapotea. Nikiwaficha vijana wangu picha ya Stanley kwa kuwa wataielewa vibaya, ninakuwa nimeketi katika kiti cha mkaguzi yule. Kiti hicho sikitaki.

Tena kuficha hakulindi mtu. Paul Robeson, mwimbaji mkuu wa Wamarekani weusi, aliigiza katika Sanders of the River ya mwaka 1935 akitumaini kuutukuza utamaduni wa Afrika. Jomo Kenyatta naye alionekana humo kidogo, alipokuwa akikaa Uingereza. Picha ilipokamilika ilikuwa sifa za mtawala wa Kiingereza, na Robeson alijuta hadharani. Kama mtu mwenye akili kama yeye alinaswa, tena akiwa ndani ya kazi yenyewe, mtoto wa Ipuli atajilindaje kama hakupata kufundishwa kamera yawekwa wapi?

Kwa hiyo niliionyesha mara ya pili. Kwanza tulikwenda Kwihara kwa miguu, vijana 30 na zaidi, tukaketi barazani pa tembe, nikawasomea habari za vita vya 1871. Nikawaeleza na jambo moja ambalo natamani lingefanywa picha kubwa: jinsi Livingstone alivyokufa kwa Chitambo mwaka 1873, na Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake hata pwani, mwendo wa zaidi ya maili 1,000. Walipofika hapa Unyanyembe mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, Mzungu mwenye cheo, akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Walipita katika nchi hii hii wakiwa na mzigo wao. Msichana mmoja akauliza kama walipewa maji na watu wetu. Sikuwa na jibu la kumpa, nikafurahi kwamba ameuliza.

Jioni ya siku ya tatu tukatundika shuka tena. Yule mzee akaja, safari hii akaketi mbele. Tulipofika mahali pa mashambulio nikaisimamisha picha kabla bunduki hazijalia, wale wenye mikuki wakabaki wamesimama ukutani, miguu imeinuka. Nikauliza, "Hawa ni watu wa mji gani?"

Pakawa kimya. Kisha yule mvulana wa benchi akasema, "Ulyankulu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Endelea, Mwalimu," akasema.