Rutgers Ndani, Berkeley Nje: Jinsi Mashabiki Walivyohesabiwa

Novemba 2012, Big Ten, moja ya makundi ya michezo ya vyuo vya Marekani, ilitangaza kwamba imekichukua Chuo Kikuu cha Rutgers cha jimbo la New Jersey. Rutgers ndicho kilichocheza mechi ya kwanza kabisa ya futiboli ya vyuo vya Marekani, dhidi ya Princeton, tarehe 6 Novemba 1869, na kikashinda. Kwa miaka mingi baada ya siku ile hakikuwa na mengi ya kutambia uwanjani. Agosti 2023 Big Ten hiyo hiyo ilifika hadi pwani ya Pasifiki ikakichukua Oregon, chuo cha mji wa kawaida tu uitwao Eugene, na kuwaacha Stanford na California-Berkeley, vyuo viwili vilivyo katika ghuba ya San Francisco yenye mamilioni ya watu.

Mwaka 2012 walifuata wingi wa watu, mwaka 2023 wakaupa kisogo. Hatua zote mbili zilitetewa kwa hoja moja, kwamba chuo kinachoingia kinaleta mashabiki. Kilichobadilika hapo katikati ni nani anahesabiwa kuwa shabiki, na nani analipia hesabu hiyo.

Kwa msomaji asiyefuatilia mchezo huu: hii si soka, ni ile futiboli ya kofia ngumu na mpira uliochongoka. Vyuo vya Marekani havichezi katika ligi moja ya taifa. Vimejigawa katika makundi yanayoitwa konferensi, nayo ndiyo huuza haki za matangazo na kugawana fedha. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichohodhi matangazo hadi mwaka 1984, Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua kesi iliyofunguliwa na vyuo vya Oklahoma na Georgia kwamba uhodhi huo ni kinyume cha sheria ya ushindani. Kuanzia hapo kila konferensi ikawa na bidhaa yake sokoni, na chuo chenye jina kubwa kikaanza kujiuliza kwa nini kigawane sawa kwa sawa na chuo kisicho na jina.

Jaribio la wazi zaidi la kuhesabu mashabiki wa kila chuo lilifanywa Septemba 2011 na mtakwimu Nate Silver, wakati huo akiandika katika gazeti la New York Times. Mbinu yake inastahili kufunguliwa, kwa sababu ni ya werevu na ina matundu. Marekani imegawanywa katika masoko ya televisheni yapatayo 210. Silver aliangalia katika kila soko watu wanatafuta maneno ya futiboli ya vyuo kwenye Google kwa kiwango gani, akalinganisha kiwango hicho na idadi ya watu wa soko hilo, akapata makadirio ya mashabiki wa mchezo kwa jumla. Birmingham, Alabama, kiwango kiko juu sana. New York kiko chini, ila New York ina watu wengi kiasi kwamba hata sehemu ndogo yao ni umati.

Hatua ya pili ilikuwa kuwagawa mashabiki hao kwa vyuo. Hapo alitumia kura zilizokusanywa na mradi wa CommonCensus, uliowauliza watu mtandaoni wanaishi wapi na wanashabikia timu gani. Soko likiwa na mashabiki laki moja, na robo ya kura zake zikienda kwa Michigan, basi Michigan inahesabiwa mashabiki elfu ishirini na tano pale. Ukijumlisha masoko yote unapata orodha ya taifa. Ohio State iliibuka ya kwanza kwa zaidi ya mashabiki milioni 3, ikifuatiwa na Michigan na Penn State. Rutgers ilipata karibu milioni moja, wengi wao wakitoka soko la New York.

Sasa matundu yenyewe. Anayetafuta ratiba mara moja kwa mwaka na mkereketwa anayekesha akibishana kuhusu kocha wanaingia katika kapu moja. Kura za mtandaoni hupigwa na wanaopenda kupiga kura, na katika masoko madogo waliojibu walikuwa wachache, hivyo watu kadhaa wangeweza kuyumbisha mgawo wa mkoa mzima. Tena mbinu hii haisemi lolote kuhusu utayari wa shabiki kutoa fedha. Nebraska ni jimbo lenye watu wachache, lakini uwanja wa chuo chake pale Lincoln umejaa katika kila mechi tangu mwaka 1962. Ukiihesabu Nebraska kwa vichwa vya jimbo lake tu, hutaona kwa nini Big Ten iliikaribisha mwaka 2010 bila kusita.

Pamoja na hayo, orodha ya Silver ilikuwa na manufaa kwa sababu iliwezesha swali ambalo kila kamishna wa konferensi hulikwepa hadharani: mgeni akija, wenyeji wanapata zaidi au pungufu? Chukua mfano wa kubuni. Konferensi ina timu 12, kila moja kwa wastani ina mashabiki milioni 1.5. Jumla ni milioni 18. Anaingia mgeni mwenye laki tisa. Jumla inapanda hadi milioni 18.9, lakini wagawanaji sasa ni 13, na wastani unashuka hadi takriban milioni 1.45. Mahali ambapo mapato hugawanywa sawa, mgeni aliye chini ya wastani analishwa na wenyeji. Big Ten ilipoichukua Rutgers pamoja na chuo kingine, Maryland, Silver aliandika kwamba hatua hiyo ingeizimua konferensi, na kwa kipimo chake alikuwa sahihi.

Big Ten haikutumia kipimo chake, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Agosti 2007 konferensi hiyo ilianzisha chaneli yake, Big Ten Network, kwa ubia na kampuni ya Fox. (Wikendi ya kwanza chaneli ikabahatika kuonyesha Appalachian State, timu ya daraja la chini, ikiifunga Michigan nyumbani kwake 34 kwa 32, na kaya nyingi hazikuona kwa sababu kampuni kubwa za kebo zilikuwa bado hazijakubali kuibeba.) Chaneli ya aina hii haiishi kwa matangazo ya biashara peke yake. Kampuni ya kebo huilipa ada kila mwezi kwa kila kaya iliyo na kifurushi chenye chaneli hiyo, iwe kaya inaitazama au haijawahi kuifungua. Ni kama mwenye king'amuzi anayelipia kifurushi kizima kwa ajili ya taarifa ya habari, huku sehemu ya fedha zake ikienda kwa chaneli za katuni asizozijua hata namba zake.

Ada hiyo ilikuwa na ngazi mbili. Ndani ya majimbo yenye chuo mwanachama ilikaribia dola moja kwa mwezi kwa kaya, na nje ya hapo ilikuwa senti tu. Piga hesabu kwa mfano: kaya milioni 5 zikilipiwa senti 10 zinaleta dola milioni 6 kwa mwaka. Kaya zizo hizo zikihamia ngazi ya dola moja zinaleta milioni 60. Hakuna hata mtu mmoja aliyebadili timu. Hakuna aliyeanza kutazama. Kilichoongezeka ni chuo kimoja cha New Jersey katika orodha ya wanachama, pamoja na hoja mezani kwamba New York sasa ni eneo la nyumbani.

Kwa mizani hiyo Rutgers haikununuliwa kwa mashabiki wake milioni moja, ilinunuliwa kwa majirani zake wasiojali futiboli. Binafsi naona huo ulikuwa ujanja wa hali ya juu wa kibiashara, na pia naona haukuwa na uhusiano wowote na mchezo. Wengine walicheza karata hiyo hiyo kwa namna yao. Konferensi ya SEC iliwachukua Texas A&M na Missouri mwaka 2012, na Agosti 2014 ikawasha chaneli yake pamoja na kampuni ya televisheni ya michezo, ESPN. Tofauti ni kwamba Texas A&M ilileta vyote viwili, jimbo kubwa na umati wa kweli.

Kasoro ya mpango ni kwamba ulitegemea watu kuendelea kulipia wasichokitazama. Mwaka 2011 ESPN ilikuwa katika kaya takriban milioni 100. Kufikia 2023 zilikuwa zimeshuka hadi karibu milioni 70, na wa kwanza kuondoka walikuwa haohao wasiojali michezo, ambao ndio waliokuwa mtaji wa hesabu ya mwaka 2012. Jirani wa Rutgers alikata waya akahamia kutazama filamu mtandaoni. Waliobaki kwenye kifurushi ni wanaotaka mechi, na mnunuzi wa haki za matangazo akaanza kuuliza kwa ukali zaidi: mechi zako hutazamwa na watu wangapi?

Swali hilo linasikika jepesi kuliko lilivyo. Takwimu za Nielsen, kampuni inayopima utazamaji wa televisheni, zinakuambia mechi fulani ilitazamwa na watu milioni 4, lakini hazikuambii ni mashabiki wa nani. Timu ndogo kama Vanderbilt ikicheza na kigogo kama Alabama, watazamaji ni wa Alabama, ila wanaandikwa kwa wote wawili. Mechi iliyowekwa saa tisa na nusu alasiri kwenye chaneli kubwa ya ABC itapata macho mengi kuliko mechi hiyo hiyo ikiwekwa usiku kwenye chaneli ya pembeni. Mchambuzi makini huitenganisha kila mechi katika sehemu zake: mchango wa mwenyeji, wa mgeni, wa chaneli, wa saa, wa nafasi za timu katika msimamo. Akiwa na mechi za misimu mingi, anaweza kukadiria kila chuo kingevuta watu wangapi kama vyote vingepewa chaneli moja na saa moja. Asiyefanya hivyo anapima ratiba akidhani anapima chuo.

Walioumizwa na kipimo hiki kuliko wote ni vyuo vya magharibi. Konferensi yao, Pac-12, ilianzisha chaneli zake mwaka 2012 bila kumshirikisha mbia wa televisheni, na haikuwahi kufikia makubaliano na DirecTV, moja ya kampuni kubwa za setilaiti. Mechi zake nyingi za usiku zilianza saa nne na nusu usiku kwa saa za mashariki, wakati nusu ya nchi imelala. Ulipofika muda wa kuuza haki upya, watazamaji waliopotezwa na ratiba na chaneli mbovu walisomwa kana kwamba hawakuwahi kuwepo.

Pigo la kwanza lilikuwa vyuo viwili vya Pac-12, USC na UCLA, kutangaza tarehe 30 Juni 2022 kwamba zinahamia Big Ten. Mwezi Agosti mwaka huo Big Ten ikatia saini na Fox, CBS na NBC mikataba ya miaka saba yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Pac-12 iliyobaki ililetewa pendekezo la Apple, ambalo malipo yake yangepanda kulingana na idadi ya watu watakaojiandikisha kulipia mechi. Kwa mchambuzi, hicho ndicho kipimo safi kuliko vyote: bila kaya za jirani, bila kura za mtandaoni, shabiki ni yule anayetoa fedha. Wakuu wa vyuo walikiangalia wakaogopa. Tarehe 4 Agosti 2023 Oregon na Washington zilikwenda Big Ten, na siku hiyohiyo Arizona, Arizona State na Utah zikaenda konferensi ya Big 12. Wakuu wa Oregon na Washington walikataa kulipwa kwa mashabiki wao wenyewe wakachagua kulipwa kwa mashabiki wa Ohio State na Michigan. Siwalaumu.

Oregon iliingia kwa mgawo ulioripotiwa kuwa takriban nusu ya wenyeji, na hiyo ndiyo dawa ya lile tatizo la wastani: mgeni halazimiki tena kuwafikia wenyeji ikiwa hali sahani moja nao. Lakini kwa nini Oregon, si Berkeley? Oregon ilicheza fainali ya taifa Januari 2011 na tena Januari 2015, ina sare ambazo vijana wa nchi nzima wanazitambua, na ina mfadhili wa kudumu, Phil Knight, mwanzilishi wa Nike na mhitimu wake. Watu wa Florida na Ohio hukaa kuitazama. Kwamba soko halikuwa kigezo tena inathibitishwa na jirani yake Oregon State, iliyoko Corvallis, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Jimbo ni lilelile, ila Oregon State ikaachwa kwenye magofu ya Pac-12 pamoja na Washington State. Stanford na Berkeley walipata hifadhi katika ACC, konferensi ya pwani ya Atlantiki, kwa mgawo ulioripotiwa kuwa asilimia 30 kwa miaka saba ya kwanza. SMU ya Dallas, iliyoingia nao, ilikubali kutopokea fedha za televisheni za konferensi kwa miaka tisa.

ACC yenyewe ndiyo iliyokifikisha kipimo hiki mwisho wa mstari. Florida State ilifungua kesi Desemba 2023 ikilalamika kwamba inawalisha wenzake, na Clemson ikafuata. Machi 2025 wakapatana: asilimia 40 ya fedha za televisheni zinagawanywa sawa, na asilimia 60 zinagawanywa kwa kufuata utazamaji wa kila chuo kwa wastani wa miaka mitano. Swali la nani ana mashabiki wangapi halikuwa tena la kubishaniwa na wachambuzi, limekuwa kifungu cha makubaliano chenye hundi nyuma yake. Kila chuo sasa kina sababu ya kupigania saa tisa na nusu alasiri kwenye ABC na kukwepa usiku wa chaneli ya pembeni, kwa kuwa dirisha moja zuri huingia kwenye wastani na kubaki humo miaka mitano. Na haki za kuonyesha mechi za ACC, pamoja na kuamua nani anacheza saa ngapi na kwenye chaneli ipi, ziko mikononi mwa ESPN hadi mwaka 2036.